Watu Wawili, Namba Moja

1 Septemba 1988

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, fupi, ya kuonja tu. Bati la bilo, ofisi yetu, linavuja mahali pamoja, na mahali penyewe ni juu ya ordinatere, ile kompyuta ya Mradi. Nimeifunika kwa nailoni, nikaketi kando yake kama mlinzi wa maiti.

Daftari hili ni la Mradi. Nilipewa niandike ripoti za kila mwezi, lakini tangu Machi hakuna aliyeniuliza ripoti, nami naona haya kuacha karatasi nzuri iliwe na mchwa. Bilo naitwa citoyen Lubala, yaani mwananchi Lubala. Nyumbani, kwa watu ninaowaamini, ni Florentin, kama padri alivyoniita kabla Serikali haijatugeuzia majina. Kazi yangu ni mwandishi wa Mradi wa Mpunga, hapa Kindu. Ordinatere ililetwa na injinia mmoja Mbelgiji. Malaria ilimkamata, akapanda ndege, akatuachia masini, imprimante ya kuchapia karatasi, disketi, na kitabu cha maelezo chenye doa la kahawa. Kitabu hicho nimekisoma mara tatu. Mara ya tatu nilianza kubishana nacho.

3 Septemba

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Tumefyeka majani mbele ya bilo. Directeur, mkuu wa Mradi, amesimamia kazi kutoka kwenye kiti.

7 Septemba

Directeur wetu, citoyen Penge, ameniita asubuhi. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, na ufunguo wa pipa la mazuti, dizeli ya kuwashia umeme, hautoki mfukoni mwa abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Serikali.

"Citoyen Lubala, ile masini inajua kusoma majina?"

"Kusoma haijui, Citoyen Directeur. Inajua kulinganisha."

"Njo hiyo, ndiyo hiyo ninataka."

Maneno yenyewe ni haya. Mradi una bonde kule Alunguli, ng'ambo ya mto ninakokaa mimi, udongo mweusi unaoshika maji. Mwenye shamba bondeni anakula mpaka mvua nyingine. Asiye nalo anapanda kilimani na kuomba Mungu. Mwaka jana watu elfu moja na mia nane walipewa. Mwaka huu tumefungua upande wa pili, na wanaoomba wamezidi elfu mbili. Kanuni ni kwamba aliyepata mwaka jana anabaki na lake, hapati la pili. Kwa hiyo kila jina jipya lazima lilinganishwe na kila jina la zamani, ili anayetaka kula mara mbili akamatwe.

"Ni majina tu," amesema Directeur. "Masini si itamaliza leo?"

Nimemwambia nitaona. Kwa Directeur, neno "nitaona" ni ndiyo.

13 Septemba

Haimalizi leo, wala kesho.

Mtu mwenye macho akitazama majina mawili anaona mara moja kama ni mbalimbali. Masini haina macho. Inashika herufi ya kwanza ya jina hili na herufi ya kwanza ya jina lile; zikiwa sawa inakwenda ya pili, kisha ya tatu, mpaka ikute tofauti au majina yaishe. Ikikuta tofauti inaacha hapo hapo. Katika hilo imetupita akili, maana sisi tukishajua kwamba watu wawili hawafanani bado tunaendelea kuwachungulia.

Lakini huku kwetu tuna akina Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanahawa, Mwanvua. Masini inapanda M, W, A, N, kama mtu anayepanda kilima kilekile kila asubuhi kwenda kuteka maji, ndipo igundue kwamba huyu si yule. Tena kichwa chake ni kidogo. Hakibebi majina yote kwa pamoja, inabidi irudie disketi kila saa, na mlango wa disketi ni mmoja. Grupu ya umeme inapewa mazuti ya saa mbili kwa siku, kwa sababu pipa lilelile linalisha frigo ya bia nyumbani kwa Directeur. Siku nne za kazi zimepita, na masini bado iko kwa akina Amisi.

14 Septemba

Mvua. Amisi.

17 Septemba

Nimepata njia. Jina nitaligeuza kuwa namba: A iwe moja, B mbili, mpaka Z ishirini na sita, kisha nijumlishe. Namba ni nyepesi kuliko jina, na namba zote zinaenea katika kichwa cha masini bila kugusa disketi. Masini inalinganisha namba kwa namba, pumzi moja. Namba zikiwa mbalimbali, majina ni mbalimbali, hakuna haja ya kutazama. Zikiwa sawa, ndipo tufungue disketi na kutazama herufi.

Nimeijaribu kwa maneno yaliyonijia kichwani. Amisi ni 51. Chura pia ni 51. Mkubwa ni 71, na mbuzi ni 71. Nimecheka peke yangu mpaka Kyakimwa, daktilo wetu anayeingiza majina katika masini kwa vidole viwili, akauliza kama nimeanza kunywa mchana.

"Kujumlisha hakufai," nimemwambia. "Kunachanganya watu na wanyama."

"Kwani uongo?" amesema, akaendelea kupiga.

19 Septemba

Nimeacha kujumlisha, sasa ninazidisha. Herufi mara herufi mara herufi. Namba inatoka ndefu kama treni ya mizigo. Mkubwa na mbuzi wameachana. Nimejaribu mamia ya majina, na sijaona mawili yenye namba moja. Kazi ya mwezi inaweza kuisha kwa siku tatu. Niseme kweli, nilitembea mpaka kivukoni kifua mbele, kama mtu aliyepewa medali, na mwenye mtumbwi akanitoza zaidi.

23 Septemba

Namba zote zimekwisha kulinganishwa. Kati ya wapya, arobaini na mmoja wana namba sawa na mtu wa mwaka jana. Imebaki kufungua disketi na kulinganisha herufi za hao tu, nipate kuhakikisha. Toa disketi, tia disketi, kwa kila jina. Mchana mmoja, labda miwili.

26 Septemba

Directeur amekataa huo mchana mmoja.

"Mazuti hakuna. Umeniambia majina yote yamekwisha."

"Namba zimekwisha, Citoyen Directeur. Namba sawa si jina sawa. Ni kama kusikia sauti nje. Lazima ufungue mlango uone nani."

"Na ulipojaribu, uliona majina mawili mbalimbali yenye namba moja?"

"Kwa kujumlisha niliona. Amisi na chura."

"Hakuna chura aliyeomba shamba." Ameniangalia kwa upole wake. "Na kwa kuzidisha?"

Nimetafuta mfano.

"Kwa kuzidisha, bado sijaona."

"Basi. Andika hao arobaini na mmoja, nitie sahihi."

Nimeandika.

1 Oktoba

Salongo imeahirishwa, mvua.

6 Oktoba

Watu hawangoji karatasi ya Mradi. Mvua ikishatulia udongo, wanapanda. Bonde lote la ng'ambo limejaa migongo.

Jirani yangu Mwanvua amepanda peke yake kipande chote alichomwombea mumewe, mtoto mgongoni. Mume wake Rama yuko machimboni kule Kama, anachimba dhahabu, na tangu mwezi wa sita ameleta salamu tu. Kabla ya hapo nilimjua Mwanvua kwa kelele: anagombana na kuku, na jua, na mimi ninapopita na karatasi zangu. Leo nimemwona anapanda. Anatia fimbo, anaangusha mbegu tatu, anafunika kwa kisigino, na mstari wake umenyooka kuliko yoyote ninayopiga kwa rula.

"Unaangalia nini, Florentin? Njoo ushike fimbo."

"Nina kazi ya bilo."

"Eh. Hata kuku wangu wana kazi ya bilo."

Baba mkwe wake, mzee Assani, alikuwa kwenye shamba lake la mwaka jana, hatua chache kutoka hapo, akichoma majani makavu. Ameniamkia kwa mkono kifuani kama kawaida yake.

18 Oktoba

Karatasi imebandikwa ukutani mwa bilo. Directeur ameiwekea kichwa cha habari mwenyewe: Wadanganyifu Waliofichuliwa na Ordinatere. Chini yake ameandika adhabu. Anayekuja kuungama atabaki na shamba moja. Asiyeungama atanyang'anywa yote mawili.

Sikuisoma mpaka jioni. Ilikuwa kazi yangu, nilidhani ninaijua. Ni Mwanvua aliyenisomesha. Hajui kusoma, lakini mtu alimsomea, akanivizia kivukoni.

"Florentin. Mume wangu ni mwizi?"

"Nani amesema?"

"Ukuta wa bilo yenu. Ramazani Assani. Umemwandika wewe ao hukumwandika wewe?"

Nimekaa jirani yao miaka sita. Kwangu mume ni Rama na baba ni mzee Assani. Sikuwahi kusikia jina la mmoja wao likitajwa lote mpaka mwisho.

20 Oktoba

Siku hii lazima niiandike yote.

Wamekuja asubuhi, mzee Assani mbele na kanzu iliyopigwa pasi, Mwanvua nyuma. Directeur amewapokea mlango wazi, kwa sababu anapenda watu wasikie anavyohukumu. Mimi niliitwa nisimame karibu na masini, kama shahidi.

"Ramazani Assani iko wapi?" ameuliza Directeur.

"Yeye iko Kama," amesema Mwanvua. "Anachimba."

"Iko mbali. Na wewe, mzee, jina lako kamili?"

"Assani Ramazani."

Directeur amegeuka kwa waliokuwa barazani, akafungua mikono. "Mumesikia? Mwaka jana Assani Ramazani anapata shamba. Mwaka huu anageuza jina, la nyuma mbele, la mbele nyuma, anaomba tena. Masini imemuona."

"Citoyen Directeur," amesema mzee, "Ramazani ni mutoto wangu wa kwanza."

"Na iko Kama."

"Njo iko Kama. Baba yangu aliitwa Ramazani. Mimi niko Assani wa Ramazani. Nilipozaa, nikamupa mutoto jina la baba yangu. Yeye iko Ramazani wa Assani. Na yeye alipozaa amenipa jina langu." Ameonyesha mtoto mgongoni mwa Mwanvua. "Huyu ni Assani wa Ramazani."

"Kwa hiyo mumeshaweka na wa tatu akiba," amesema Directeur, na baraza ikacheka.

Mwanvua hakucheka. "Huyu muzee ni baba mkwe wangu. Kama yeye na mume wangu ni muntu mumoja, mimi nimezaa na nani? Semeni sasa, watu wote wako hapa."

Hapo wamecheka zaidi, na kicheko kikageuka upande. Directeur ameona. Sauti yake ikawa laini kabisa.

"Mzee, mimi si muntu mubaya. Sema tu kwamba ulikosea. Weka kidole hapa, unabaki na shamba moja. Wengine wameshafanya, tangu jana."

Ni kweli, wengine wameshafanya. Niliwaona. Baba na mwana walikuja pamoja, mabega yamegusana, wakaweka dole gumba kwamba wao ni mtu mmoja, wakarudi ng'ambo na shamba moja.

Mzee Assani ameitazama karatasi, kisha akaitazama wino.

"Nikiweka kidole, mwanangu ni nani?"

"Ni karatasi tu, mzee."

"Kama ni karatasi tu, mbona unaitaka sana?"

Directeur amefunga chupa ya wino. "Basi nionyeshe watu wawili. Wewe hapa, Ramazani hapa, siku moja, saa moja, mbele ya macho yangu. Nikiona wawili ninarudisha mawili. Nikiona mumoja, masini imesema kweli."

Watu walitoka wakisema Directeur ni mwenye haki.

21 Oktoba

Wakristo sisi tunampa mtoto jina la mtakatifu na kusahau. Wao, Waislamu wa hapa, kizazi kwa kizazi, wanarudisha jina la babu kwa mjukuu, na kila mwana anabeba jina la baba yake nyuma ya lake. Baba Assani Ramazani, mwana Ramazani Assani. Baba Salumu Omari, mwana Omari Salumu. Herufi zilezile, zimebadilisha viti tu. Na mbili mara tatu ni sawa na tatu mara mbili. Hilo nilifundishwa na mtawa nikiwa na meno ya utotoni.

Mfano nilioutafuta mbele ya Directeur unaniamkia kila asubuhi, mkono kifuani.

Nimepitia arobaini na mmoja kwa macho yangu katika karatasi za maombi. Thelathini na wanane ni baba na mwana. Wadanganyifu wa kweli ni watatu, na wote watatu wanavaa abakosti.

22 Oktoba

Nimempelekea Directeur maneno hayo. Amesema macho ya mtu yanahongwa, masini haihongwi. Nikitaka kubishana na masini nilete neno la masini. Mazuti hakuna.

31 Oktoba

Mazuti hakuna.

8 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Mpunga wa Mwanvua umefika magotini. Bado anaupalilia. Nimemuuliza kwa nini anapalilia shamba lisilo na jina lake.

"Majani yanajua kusoma?" amesema.

10 Novemba

Mwanvua amekuja bilo na bidoni ya mazuti kichwani, imejaa. Ameipata kwa Kakule, mfanyabiashara wa Butembo ambaye kamioni zake zinakwenda Kalima na Kama. Nimeuliza ameipataje. Amesema kuku hawakuwa na kazi ya bilo tena, amewatoa wote.

Nimewasha grupu, nikafungua disketi, nikafanya kile ambacho kilitakiwa kufanywa Septemba. Herufi kwa herufi. Nilidhani nitahitaji mchana mzima, nimetumia chini ya saa moja kwa wote. Kwa Assani na Ramazani masini haikufika hata herufi ya pili. A, R, ikasimama. Jibu lilikuwa pale, mlangoni, na sisi hatukubisha hodi.

Nimetoa karatasi kwenye imprimante: thelathini na wanane si sawa. Mwanvua ameniomba nimwonyeshe mahali jina la mumewe lilipo. Ameweka kidole hapo akakiacha kwa muda.

"Sasa masini inasema wako wawili?"

"Inasema wako wawili."

"Imechelewa kuzaa, lakini imezaa."

11 Novemba

Directeur amesoma karatasi yote, mstari kwa mstari. Nilifurahi kwamba anasoma. Kisha ameikunja mara nne.

"Tarehe ishirini na ine ni sikukuu ya Serikali. Wakubwa watakuja hapa kwenye Mradi. Nimeshawaambia masini yetu imekamata wadanganyifu arobaini na mumoja. Sasa unataka niseme watatu?"

"Ni watatu, Citoyen Directeur."

"Na hao watatu, unawajua?"

"Ninawajua."

"Mimi pia." Ametia karatasi mfukoni, kwenye ufunguo wa pipa. "Citoyen Lubala, masini haiwezi kusema mara mbili. Ikisema mara mbili inakuwa kama muntu tu, na muntu tunaye wa kutosha."

Mwanzoni mwa mvua nilimwona kama kichekesho. Nilikuwa nikimwigiza kwa Kyakimwa. Mtu huyu alielewa tofauti ya namba na jina kunishinda mimi, tena aliielewa mapema.

24 Novemba

Sikukuu. Ngoma, vitenge vya Chama, nyimbo. Directeur ametangaza arobaini na mmoja. Makofi. Mashamba yaliyonyang'anywa kwa wasioungama yamepewa wengine hapo hapo, kwa majina. La Ramazani Assani, lenye mpunga ulioanza kutunga mimba, limekwenda kwa Victorine, dada ya mke wa Directeur. Amekuja kulipokea na viatu vyeupe.

Na mimi nilipiga makofi. Mikono ilikuwa mbele yangu, wote walikuwa wanapiga.

27 Novemba

Mwanvua amenijia nyumbani. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Directeur alisema wawili mbele ya macho yake. Alisema mbele ya watu. Hiyo haijafutwa?"

"Haijafutwa."

"Basi andika barua. Rama aje."

Nimeandika. Kakule ameichukua mwenyewe, bila kuomba kitu. Amesema kamioni inaondoka kesho, lakini mvua hii, kufika Kama ni bahati, na kurudi ni bahati nyingine.

2 Desemba

Mvua.

5 Desemba

Mvua. Mzee Assani ana homa. Leo nimemkuta mlangoni amejifunika blanketi, anatazama kivuko.

10 Desemba

Dereva wa Kakule amerudi kwa miguu kutoka daraja lililochukuliwa na maji. Barua imefika. Rama ameshaondoka Kama, lakini yuko upande ule wa maji, na watu wengi, wanangoja mbao za kutengenezea daraja.

Nimekwenda kwa Directeur kumwomba aje Alunguli kumwona mzee kitandani, aandike kwamba amemwona, na mwana akifika amwone naye.

"Nilisema siku moja, saa moja."

"Mzee anaumwa sana."

"Mupe pole yangu."

14 Desemba

Mzee hali tena. Infirmiye amemchoma sindano iliyobaki. Mwanvua anamsimamisha kila asubuhi, anamwosha, anamvika kanzu ya pasi, anamkalisha mlangoni, tayari kwa Directeur. Jioni anamvua. Leo nimemsaidia kumrudisha ndani. Ni mwepesi kama mtoto.

"Florentin," ameniambia, "ile masini iko na ubaya na mimi?"

"Hapana, mzee. Haikujui."

"Njo ubaya wenyewe huo."

17 Desemba

Mzee Assani Ramazani amefariki alfajiri. Tumemzika kabla ya saa saba kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Mvua ilitukuta tunarudi.

20 Desemba

Rama amefika. Matope mpaka kiunoni, begani kifurushi. Alipiga hodi kwa jina la baba yake.

2 Januari 1989

Bilo imefunguliwa. Rama amekwenda kwa Directeur, Mwanvua kando yake, nami nilisimama karibu na masini bila kuitwa.

"Jina?"

"Ramazani Assani."

Directeur amesimama, akampa mkono, mikono miwili. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Hilo nililiona, sitalikataa. "Pole sana. Muzee wako alikuwa muntu wa heshima."

"Asante, Citoyen Directeur."

"Nilikuwa ninangoja niwaone wote wawili."

"Maji yalivunja daraja."

"Ndiyo, nimesikia." Ameketi. "Basi sasa uko mumoja. Muntu mumoja, shamba moja, njo kanuni, na hapa hakuna tena wa kugombana. Ninakurudishia la baba yako."

La baba yake, ambalo siku ya sikukuu hakuna aliyelitaka, lina majani mpaka kifuani. Hakuna aliyepanda humo msimu huu. Tangu jina libandikwe ukutani mzee hakutia mbegu humo, kisha homa ikamkamata, na mikono ya Mwanvua ilitosha kipande kimoja tu.

Mwanvua amesema, "Na mupunga wangu?"

"Mupunga unafuata shamba, mama. Shamba ni la Victorine."

"Nimepanda mimi."

"Tunajua. Hakuna anayesema haukupanda."

Rama amemtazama mkewe, akatazama dirisha, akaweka kidole karatasini. Walipotoka, Directeur ameniita karibu.

"Andika katika ripoti: jambo la Assani Ramazani na Ramazani Assani limekwisha. Imehakikishwa kwamba ni muntu mumoja, kama masini ilivyosema. Tarehe ya leo."

"Citoyen Directeur, walikuwa wawili."

"Leo wako wangapi?"

Nimeiandika ripoti. Kifaransa chake hakina kosa. Kyakimwa aliipiga bila kuniangalia, kwa vidole viwili, akaniletea nitie sahihi mahali pa aliyetayarisha.

9 Januari

Jua. Bonde limekuwa la njano.

16 Januari

Wanavuna. Victorine ameajiri wanawake wa Alunguli wakate mpunga, anawalipa kikapu kimoja kwa kila vikapu kumi. Yeye ameketi ukingoni, chini ya mwavuli.

Nilishuka bondeni saa nne, sijui kwa nini. Walikuwa labda kumi na wawili, wameinama kwa mstari, kila mmoja na kisu kidogo, wanakata suke moja moja. Mwanvua alikuwa wa tatu kutoka mwisho, mtoto mgongoni. Alikuwa amewatangulia wote, kwa sababu mistari ile mguu wake uliijua.

Nikasimama mbele ya mstari wake. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha tangu kivukoni.

Hakuinua kichwa. "Jua linapanda, Florentin. Uko na kisu?"

Sikuwa na kisu.

"Basi toka katika mupunga."

Nilitoka.